Sanduku la Kufuli Tatu

Nyabiyonza, nyumbani, alasiri

Mutalemwa mwanangu,

Sitakuuliza hali yako, maana naijua. Umetoka hapa sasa hivi bila kuniaga, umevaa shati nililokupigia pasi asubuhi, na mlango umeubamiza hadi vumbi la ukuta likaniangukia kichwani. Nimejikung'uta, nimekaa kwenye mkeka hapa chini ya upenu, nakuandikia. Utakaporudi kutoka kuwaaga vijana wenzako utaikuta barua hii juu ya sanduku lako la nguo. Mwandiko wangu unaujua ulivyo mbaya. Nilijifunza katika darasa la ubatizo nikiwa mtu mzima, na mwalimu wetu alikuwa na haraka.

Habari za blanketi, sabuni na kuchemsha maji sitakuandikia. Dada zako wamekufungia kila kitu, na habari za kwenda kanisani utaambiwa na mchungaji, kazi hiyo ni yake. Mimi nataka kulijibu neno uliloniambia juzi, tukiwa tumesimama pale kwenye shimo la kuivishia ndizi. Ulisema, "Mama, ulimnyima baba mpaka akafa, na sasa unaninyima mimi."

Ulikuwa umeniomba nizungumze na wenzangu wawili wenye funguo tulifungue Sanduku kabla ya siku yake, upate ada ya chuo cha ualimu na nauli ya kuvuka ziwa. Nikakataa. Kukasirika ulikuwa na haki. Neno lile hukuwa na haki nalo, lakini wewe ni mrefu sana siku hizi na kofi langu halikufikii. Tena liko jambo la leo asubuhi ambalo hujui kwamba nalijua. Nitalifikia. Nakuomba usirukie mwisho, maana najua unavyosoma.

Nilipoletwa hapa kuolewa kutoka Kiruruma, kahawa ya baba yako haikuwa yake. Kibanja, shamba lote hili la migomba na kahawa, kilikuwa chake, mibuni ilikuwa yake, jembe lilikuwa lake, kahawa haikuwa yake. Mibuni ilipochanua tu, kibanja kizima kikinukia maua, vijana wa mnunuzi walifika na fedha mkononi. Nao walijua wakati wa kuja. Karani wa kodi alikuwa ameshapita, watu wamejificha migombani, mwenye mtoto mgonjwa hana kitu, na kahawa bado ni maua. Kwa hiyo mtu anauza maua. Anapewa senti chache, anaweka dole gumba kwenye karatasi, na mavuno yakifika anachuma mwenyewe, anaanika mwenyewe, anabeba kichwani mpaka ghalani kwa mnunuzi na kurudi mikono mitupu. Hiyo ndiyo butura. Wewe umeisikia shuleni kama habari ya wazee wa zamani. Mimi niliibeba kichwani nikiwa na mimba ya dada yako mkubwa.

Baba yako Kaijage alikuwa mtu wa kucheka, lakini wakati wa maua alikuwa hasemi na mtu. Alikaa uani akiitazama mibuni yake kana kwamba ni watoto wa jirani.

Sanduku lilitokana na hasira hiyo, wala halikuletwa na bwana yeyote wa serikali. Watu walisema, mavuno yakiisha, yule ambaye msimu huo alibahatika asiuze maua aweke akiba kidogo pamoja na wenzake badala ya kuinywa yote kwenye pombe ya lubisi. Maua yakirudi, mwenye shida akope humo, alipe baada ya mavuno na kuongeza kidogo. Basi, hakuna zaidi. Wenyewe wachache, walio wengi hawajui kusoma. Senti za wakati ule zilikuwa na tundu katikati, nadhani unazikumbuka, kwa hiyo kila mtu alitunga zake kwenye kamba ya mgomba na kuifunga fundo lake mwenyewe. Bibi Nyakato, yule mjane aliyekuwa akiishi pale penye mti wa mtoma, alifunga fundo dogo la kuvimba kama kitovu cha mtoto. Ungeweza kulitambua hata gizani. Karatasi watu hawakuziamini, maana ni karatasi zilizokuwa zimewauza. Mafundo waliyaamini.

Fundi alitengeneza sanduku la mninga, likatiwa kufuli tatu, likawekwa nyumbani kwetu. Ufunguo mmoja alipewa baba yako kwa niaba ya sisi Walutheri. Wa pili alipewa Fransisi, katekista wa Wakatoliki, jirani yetu hapo chini. Wa tatu alipewa Kamugasha, mfugaji wa huko Songambele, kwa sababu watu wa rweya, kule kwenye nyika za malisho, nao walibanwa na kodi na kuuza mitamba yao kwa bei ya mbuzi, wakaomba kuingia.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Walutheri walisema katekista atakula fedha na padri wake. Wakatoliki walisema hayo hayo juu ya baba yako na mchungaji. Na wote wawili walikubaliana kwamba mfugaji hana kibanja cha kumfunga mahali, siku moja atahama na ng'ombe wake na Sanduku letu likiwa mgongoni. Shauri lilikaribia kuvunjika kabla halijaanza. Wazee wakakaa, wakatoa dawa waliyoijua. Walisema, hawa watatu wanywane.

Wewe umelelewa kanisani, hujaona watu wakinywana, kwa hiyo nikueleze. Tunda la kahawa lina punje mbili ndani zimelaliana. Wanaume wawili wanatoa kila mmoja punje yake, wanachanjwa kidogo karibu na kitovu, kila mmoja anaipaka punje damu yake na kumpa mwenzake aimeze. Kisha wanaapa. "Nikija kwako na njaa, utanilisha. Nikija uchi, utanivika. Nikikuomba, hutaninyima. Ukininyima, tumbo lako livimbe." Tangu siku hiyo ni omukago, udugu wa damu, kati yao, na kila mmoja ni munywani wa mwenzake, zaidi ya ndugu wa tumbo moja.

Misheni zote mbili zilikataza. Kwa hiyo walinywana, wawili wawili, katikati ya migomba ya Fransisi, na katekista mwenyewe alikuwa akigeuka kila mara kutazama njiani, shati limepandishwa na tumbo linatoka damu. Jumapili iliyofuata hakuna hata mmoja aliyekwenda mbele kupokea sakramenti. Mchungaji akamwuliza baba yako kama anaumwa. Akajibu tumbo, na hakusema uongo.

Mimi nilifurahi sana siku ile. Niliwachemshia kahawa ya kutafuna, nikapiga vigelegele kwa sauti ya chini ili misheni wasisikie. Watu wote walifurahi. Tuliona tumepata walinzi ambao hawawezi kuibiana. Hatukuona kwamba tumewachukua watu watatu waliokuwa tayari kukataliana kila siku ya Mungu, tukawaapisha wasikataliane tena mpaka kufa.

Kamugasha ndiye aliyekuja wa kwanza. Sotoka ilikuwa imempitia, ng'ombe wamelala rweya nzima wakinuka, na askari wa kodi walikuwa wanakuja kuchukua mitamba waliobaki. Alifika mchana, akachomeka fimbo yake uani, akakataa kukaa.

"Munywani wangu," alimwambia baba yako, "nimekuja uchi."

Nilikuwa namenya ndizi, nikamwona baba yako uso. Alijua siku ya Sanduku bado. Alijua watu hawajakusanyika. Akaingia ndani kuchukua ufunguo, wakaenda wote wawili kwa Fransisi, na Fransisi naye angefanya nini? Wakalifungua watatu peke yao. Kamugasha alilipa baadaye, karibu yote. Kisha Fransisi akaja, anamwoza mwanawe, mahari imepungua. Hawakuweza kumkatalia. Kisha baba yako mwenyewe akataka bati.

Ndiyo, bati. Nilikuwa mwanamke wa kwanza upande huu kulala chini ya bati. Mvua ikinyesha nilikuwa simsikii mtu akiniita, na nilipenda hivyo. Nilijua fedha zimetoka wapi. Nilijiambia kwamba ni mambo ya wanaume na damu yao.

Mwaka ule bei ya kahawa ilianguka. Waliokuwa wamekopa hawakuweza kulipa, na maua yalipokuja, kila mtu alikuwa na shida kwa wakati mmoja. Siku ya Sanduku watu walianza kufika mapema kuliko kawaida. Nilisikia wakisalimiana nje, wakitandika mikeka, wakiulizana habari za watoto. Kijana wa mnunuzi naye alikuja, akakaa barabarani na mfuko wake wa fedha mapajani. Alikuwa anangoja tu, kama mtu aliyeshaambiwa mambo yatakavyokwisha.

Ndani, wale watatu walikuwa wamelikalia Sanduku lililobaki na kamba chache chini kabisa. Kamugasha alisema ng'ambo ya mto Kagera, kwa Waganda, wanatafuta watu wa kulima. Fransisi alikuwa akilia bila sauti. Baba yako alikuwa anakunja blanketi.

"Unakwenda wapi?" nilimwuliza.

"Eliseba, wataniua."

"Na mimi unamwachia nani aniue?"

Alikazana na kamba ya blanketi. Nilimwambia, "Kaijage, ukipita mlango wa nyuma, mimi napita wa mbele." Nilitaka aniambie nisubiri. Hakuniambia. Basi nikapita wa mbele.

Mutalemwa, sijawahi kuogopa vile tena, hata siku niliyokuzaa wewe vibaya. Nilipiga magoti mbele ya wazee kama ninayesalimia. Bibi Nyakato alikuwa mbele kabisa, amekaa miguu imenyooshwa, akanitazama. Nikasema, "Sanduku halina kitu. Wamelifungua."

Mtu akapiga yowe, na kijana mmoja akachomoa panga akaanza kukata migomba yetu, mmoja baada ya mwingine, yenye ndizi na isiyo na ndizi. Unajua kwetu kumkatia mtu mgomba ni kama kumkata mwenyewe. Nilijua baada ya migomba tutafuata sisi. Hapo mlango ukafunguka nyuma yangu, wakatoka wote watatu. Mpaka leo namheshimu baba yako kwa mlango ule aliouchagua, ingawa alichelewa.

Bibi Nyakato hakusimama. Alimwambia yule kijana aache migomba, migomba haijala fedha ya mtu. Kisha akamwuliza Fransisi, "Wewe katekista. Kaijage alipotaka bati, kwa nini hukusema hapana?"

"Nilinywana naye, mama."

Akamgeukia baba yako. Jibu lile lile. Akamgeukia Kamugasha. Lile lile.

"Basi hawakuiba," alisema. "Sisi ndio tuliowakata ulimi, kisha tunawauliza mbona hawakusema." Akatazama uwanja mzima. "Nani hapa hajanywana na mtu?"

Wanaume walitazamana. Hakuna aliyeinua mkono, kila mmoja alikuwa na munywani wake mahali fulani, wengine watatu wanne. Mwanamke mmoja nyuma akaanza kucheka, mwingine akadakia, ingawa haikuwa saa ya kucheka. Sisi wanawake hatunywani. Na sisi tulioolewa hapa tumetoka koo nyingine, hatuna ndugu wa kutushika mkono.

Bibi Nyakato alininyooshea kidole. "Wewe binti wa Kiruruma. Hapa huna ukoo, huna munywani. Ukikataa utakuwa umemkosea nani?"

"Mume wangu."

"Huyo ameshakukosea yeye kwanza."

Hivyo ndivyo nilivyopata ufunguo. Wa pili na wa tatu walipewa wanawake wengine wawili wa kuolewa, mmoja wa upande wa Wakatoliki, mmoja wa watu wa rweya, na mpaka leo ndivyo ilivyo. Siku ile ile bati zilishushwa. Nilishika ngazi mimi mwenyewe. Kamugasha alileta ng'ombe waliosalia, Fransisi akatoa mavuno yake, mkwewe tu ndiye hakuweza kurudishwa kwao. Majirani, wale wale waliokuwa wanataka kutukata, walituletea majani ya kuezekea kabla mvua haijanyesha. Lakini mwaka ule haukuokoka. Wengi waliuza maua, na Bibi Nyakato alikuwa mmoja wao. Nilimwona akipita na mzigo wake kuelekea ghalani. Mimi niliinamisha kichwa, yeye akanisalimia.

Baadaye yeye ndiye aliyeleta sharti unalolijua, kwamba nyumba iliyouza maua haikai na ufunguo. Alisema yeye mwenyewe ameuza, anajua, mtu wa namna hiyo tayari yuko mkononi mwa mnunuzi na hawezi tena kumkatalia. Na Sanduku lisifunguliwe ila siku yake, uani, mbele ya watu wote.

Tangu hapo kazi yangu imekuwa kusema hapana. Waliniita Mama Hapana. Wewe ulirudi kutoka shule siku moja unalia kwamba umeitwa mtoto wa Hapana, nikacheka, ukalia zaidi. Lakini Sanduku lilikua. Lilivuka vita vya Hitla, watu wetu wakiwa mbali na kahawa ikikaa ghalani. Bwana mmoja alipokuja kutoka Bukoba na kutaka tulikabidhi kwenye benki yao kubwa, watu walimsikiliza kwa adabu, wakamlisha kuku, wakamwambia wataendelea na lao. Wengi waliosoma huku, wewe ukiwa mmoja, ada zao zilitoka mle, siku ya Sanduku, uani.

Sasa nifike kwa baba yako.

Ulikuwa mdogo, lakini najua unakumbuka, maana ulikuwa umesimama mlangoni na muwa mkononi. Kamugasha alikuja mara ya pili. Mwanawe alikuwa amefungwa kwa ajili ya kodi na watu walisema atapelekwa kazi za mbali. Siku ya Sanduku ilikuwa bado. Alimwomba baba yako kwa maneno ya kiapo, na baba yako akaingia jikoni, akapiga magoti mbele yangu. Mwanamume wa Kinyambo, mbele ya mkewe, mbele ya mwanawe. Alishika tumbo lake, akasema, "Eliseba, nipe ufunguo, nisife."

Nilimwambia hapana.

Nilimwambia nitampelekea Kamugasha mbuzi wangu, wale wa kwangu mwenyewe. Niliwafungua nikamkimbilia njiani, akanitazama na kusema, "Sikuomba kwako." Akaondoka bila kunywa maji. Niliporudi, nilishika kisu nimenye ndizi, nikajikata. Mtoto wa Kamugasha aliachiwa baadaye, baba yake aliuza ng'ombe. Lakini kati yetu hapa nyumbani kitu kilikuwa kimeshavunjika.

Miaka ilipita. Baba yako akaanza kuumwa, tumbo likajaa. Daktari wa misheni alisema ni ini. Watu walisema ni mimi. Walisema omukago umemrudi kwa sababu mkewe alimfunga mikono, na nadhani hata wewe ulisikia hayo kisimani kabla hujayaelewa. Mimi yalikuwa hayaniumizi sana. Nikuambie lililoniumiza, ambalo hujawahi kulisikia kwa mtu. Tangu siku ile ya magoti, baba yako hakuniomba kitu tena. Hakuniomba fedha, hakuniomba shuka, hakuniomba maji akiwa kitandani na midomo imekauka. Alikuwa anakutuma wewe. Hukujiuliza kwa nini alikutuma wewe jikoni wakati mimi nimekaa hapo pembeni ya kitanda? Nilikuwa nayamimina kwenye kikombe, wewe unambebea hatua mbili. Hakunichukia. Alikuwa ameacha tu kuamini kwamba naweza kusema ndiyo, na mimi kwa kiburi changu nilingoja aanze yeye. Akafa hivyo.

Msibani watu wote walikuwa wanatazama njia kuona kama Kamugasha atakuja, maana munywani ana kazi yake kwenye maziko, na asipokuja ndipo kila mtu atajua. Alikuja siku ya pili, amezeeka, anaswaga mtamba mwekundu. Alifanya kila linalompasa munywani. Kisha akasimama mbele yangu, kwa sauti ya kusikika hadi migombani, akasema, "Mwanamke huyu hakumuua munywani wangu. Sisi tungeuana zamani kwa kuombana." Mtamba akamwacha hapa.

Sikusema asante. Nilikuwa nina hasira naye kwamba alingoja mpaka Kaijage asiyasikie.

Kwa hiyo ukiniuliza kama nilifanya vema, sina jibu lililonyooka. Ningekuwa tena jikoni siku ile ningesema hapana ile ile. Lakini jioni yake ningemfuata kitandani, ningemwambia, niombe kitu kingine, kitu changu, usiache kuniomba. Sikujua kwamba hapana inahitaji kufuatwa na kitu. Nilidhani ikishasemwa imekwisha.

Sasa jambo la leo asubuhi.

Ulikuwa umekwenda kuoga mtoni. Nilisikia mtu nyuma ya nyumba, nikatoka, nikamkuta kijana amevaa kofia anapita katikati ya mibuni yetu, anaangusha maua kwa mabega, anahesabu. Nilimwuliza anatafuta nini. Akanipa shikamoo vizuri, akashangaa kwamba sijui. "Mama, si mwanao ameshatuuzia?"

Nilimjibu marahaba. Nilimwambia amalizie kuhesabu. Kisha niliingia ndani nikakaa chini.

Basi hiyo ndiyo ada yako, hiyo ndiyo nauli. Kibanja ni chako, baba yako alikuachia, na maua ni yako kuuza. Sikuja kukuita mwizi. Ulibanwa, ukaenda mahali ambapo hawakukatalii, na walikukubalia upesi kama kawaida yao. Najua pia hukukumbuka lile sharti. Au ulilikumbuka ukaona litanikomesha. Sitaki kujua ni lipi kati ya hayo mawili, usiniambie.

Dada zako walipokuwa wanakufungia mzigo, nilikwenda kwa Mama Kokwijuka, mwenzangu wa upande wa Wakatoliki. Nilivua kamba shingoni, nikamwekea ufunguo mkononi, nikamwambia nyumba yetu imeuza maua. Alilia yule mama, mtu mzima. Alinishika mkono akasema, "Eliseba, subiri. Mtoto aondoke kwanza. Mavuno yapite. Nani atajua?" Nilimwambia hapana. Nilishalizoea neno hilo. Siku ya Sanduku nitasimama uani niliseme mbele ya watu, jina langu na la nyumba yetu, halafu nitakaa kule nyuma kwenye mikeka pamoja na wengine. Kahawa yako nitaichuma, nitaianika, nitampelekea mnunuzi. Njia ya ghalani kwake naijua.

Sikuandikii hivi ili urudishe fedha ubaki. Nenda. Lori litapita alfajiri, dereva ameahidi kusimama hapo barabarani. Kuwa mwalimu ni kitu kizuri, na fedha zikishatoka zimetoka. Kukukasirikia nakukasirikia, na nitaendelea kidogo, usitarajie kwamba kesho nitakuwa nimemaliza. Hata hivyo nakupenda, kichwa kigumu wewe, mpaka naona aibu kuandika.

Shingo yangu leo ni nyepesi. Tangu mchana nimeipapasa mara nyingi sana, mkono unakwenda wenyewe. Nilipoanza kuvaa ile kamba wewe hujazaliwa. Hujapata kuwa na mama asiye na ufunguo wa watu. Ulinikuta hivyo, kila uliponiomba kitu ulikuwa kwanza unanitazama shingoni, na mimi nilikuona.

Nasikia sauti yenu huko njiani, mnacheka, umekaribia kufika. Nitaiweka barua hii juu ya sanduku lako niingie jikoni. Ukimaliza kuisoma, usinijibu kwa barua ukiwa huko ng'ambo, wala usije kuniomba radhi, sina haja nayo leo. Njoo jikoni usimame mlangoni, uniombe kitu. Chochote. Ng'ombe mwekundu ni wangu, mbuzi ni wangu, kanga niliyovaa ni yangu. Omba hata kitu cha kijinga. Nataka nikusikie ukiniomba, na mimi nijisikie nikisema ndiyo, kabla lori halijaja.

Mama yako,
Eliseba